Kwa Nini Hamasa Ilikuwa Somo la Mwisho

Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walianza kuandikisha watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari: sukari ya damu imepanda, lakini ugonjwa wenyewe bado. Walipatikana 3,234 katika vituo 27, wastani wa umri miaka 51, wastani wa uzito kilo 94. Wakagawanywa bila kuchagua. Kundi moja lilipewa dawa ya metformini, jingine vidonge visivyo na dawa, na la tatu likapewa kazi: punguza asilimia 7 ya uzito wako, tembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Matokeo yalichapishwa 2002. Kundi la tatu lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, wakati wa metformini walipunguza kwa 31.

Asilimia hiyo 58 imenukuliwa mno. Kisichozungumzwa sana ni namna watu wale walivyozuiwa wasiache njiani.

Mpango ulikuwa na masomo 16 ndani ya wiki 24, mshiriki na mkufunzi wake ana kwa ana. Pitia orodha ya masomo: kusaka mafuta yaliyojificha kwenye chakula, kutembea, kupanga upya jikoni, kula hotelini, kumudu msongo. Somo la namna ya kubaki na hamasa ni la 16, la mwisho kabisa. Nionavyo mimi, ufundi wote uko hapo. Sisi huanza na mori halafu tunatafuta utaratibu. Wao waliweka utaratibu kwanza, kana kwamba mori umeshakwisha.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa kawaida tu. Unafika, unapanda mizani, mkufunzi anaandika kilo zako. Kisha daftari linafunguliwa: umekula nini, gramu ngapi za mafuta, umetembea dakika ngapi. Pakiwa na tatizo, halijadiliwi kwa lawama, linafuatwa nyuma hatua kwa hatua. Aliyemaliza pakiti ya biskuti jioni hakuharibikiwa jioni. Mchana aliruka chakula, kazini akachoka, akafika nyumbani na njaa na kupitiliza jikoni, na biskuti ziko mezani zinamtazama. Kumwambia mtu huyo ajikaze hakusaidii. Mwambie ale mchana, au biskuti zisikae mezani. Mnyororo hukatwa popote, na mahali rahisi pa kuukata ni mapema, kabla ya njaa.

Somo la 12 lilihusu kuteleza. Washiriki waliambiwa waziwazi kwamba watateleza, na kwamba kinachohesabika ni mlo unaofuata. Somo hilo lingetufaa sana huku kwetu, ambako Jumamosi moja ya pilau ya harusi hutosha mtu kutangaza kwamba daieti imevunjika, ataanza upya Jumatatu. Na kati ya Jumamosi na Jumatatu kuna Jumapili nzima ya kumalizia kiporo.

Vikwazo vya mfukoni navyo vilifikiriwa. Zilitengwa dola 100 kwa mwaka kwa kila mshiriki ili kuondoa kinachomkwamisha: viatu, kitabu cha mapishi, ada ya mazoezi. Na baada ya wiki 24 hakuna aliyeachwa ajitegemee. Mkufunzi aliendelea kuonana naye angalau mara moja kila miezi miwili, na katikati simu zikapigwa.

Pamoja na yote hayo, nusu tu ndio waliofikia lengo la uzito mwishoni mwa masomo, na katika vipimo vya mwisho vya utafiti walibaki asilimia 38. Kutembea kulidumu vizuri zaidi, kutoka asilimia 74 hadi 58. Miaka kumi tangu wagawanywe, kundi lile la tatu lilikuwa limerudisha sehemu kubwa ya kilo, limebaki na upungufu wa kama kilo 2. Hata hivyo kisukari kilikuwa bado chini kwa asilimia 34. Uchambuzi mwingine wa takwimu hizo ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopungua iliendana na hatari ndogo kwa asilimia 16. Kwa hiyo aliyelenga kilo saba akaishia tatu hajashindwa, ingawa kioo kinaweza kumwambia vingine.

Kasoro zipo. Kabla ya kukubaliwa, watu walijaribiwa kwa wiki tatu kama wataweza kumeza vidonge na kujaza daftari, kwa hiyo wavivu wa kuandika walichujwa mlangoni. Tena gharama ilikuwa takriban dola 2,780 kwa mtu kwa miaka mitatu, fedha ambazo zahanati nyingi haziwezi hata kuziwaza. Ndiyo maana jaribio la Indianapolis lililochapishwa 2008 lina uzito wake: masomo yaleyale yalifundishwa kwa vikundi na wafanyakazi wa YMCA, si wataalamu wa hospitali, na baada ya miezi sita wanavikundi walikuwa wamepungua kama asilimia 6, dhidi ya 2 kwa waliopewa ushauri mfupi tu.

Vikundi tunavyo. Kikoba kinakutana kila wiki, majina yanaitwa, daftari linasomwa, na asiyefika huulizwa. Wanaotaka kupungua waweke mizani kando ya sanduku la fedha, wapime kabla ya kuhesabu hisa, na wachague mmoja wa kumpigia simu yule ambaye wiki hiyo hakutokea.