Nyigu wa Ukutani na Nyigu wa Sukuma

Bomba la maji likivuja Kibera, huwa kuna wateja wasiobeba mtungi. Mmoja wao ni nyigu mweusi mwenye kiuno cha manjano, chembamba kama uzi: Sceliphron spirifex, nyigu wa udongo. Shida yake si maji, ni tope. Hulikwangua kwa meno, akalivingirisha donge, akaruka nalo hadi ukutani au chini ya mabati. Akilibandika hulia zzz, na mtetemo huo hulilainisha likatandazika. Ukisogeza jicho utaona michirizi imepandana, kila mchirizi donge moja. Timazi hana.

Chumba kikisimama, huwinda buibui. Huwachoma mwiba wakapooza bila kufa, hivyo nyama haiozi. Huwashindilia ndani pamoja na yai moja, akaziba mlango. Dume, kwa taarifa yenu, hagusi tope.

Kwa kuwa kazi hiyo inaonekana, sifa zote humwendea nyigu wa udongo. Mimi namvulia kofia zaidi mwenzake wa milimita 2, Diaeretiella rapae, anayeishi kwenye sukuma wiki, hata ile inayopandwa kwenye magunia, iliyoshika kasi Kibera tangu 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipokitia nguvu kilimo hicho. Harufu kali inayotoka jani likikatwa ndiyo humwongoza. Akimfikia kidukari, mdudu afyonzaye jani hilo, hukunja tumbo, akalipitisha katikati ya miguu yake mwenyewe hadi mbele ya kichwa, akadunga. Kufumba na kufumbua, yai limeshaingia.

Hajengi chochote. Kidukari huendelea kufyonza jani huku akiliwa kwa ndani na buu aliyetoka kwenye yai hilo. Mwisho hufura, ngozi ikakauka na kuwa gamba la kahawia, na buu humgandisha kwenye jani kwa hariri. Chakula, kuta na paa, vyote vimetoka kwa mdudu mmoja! Nyigu mpya hutoboa mgongoni tundu la duara, akatoka.

Ukifika kwa mama mboga wa Kawangware, geuza jani la sukuma. Vidukari wa kijivu wenye unga wangali hai. Waliovimba wakawa kahawia wana mpangaji, au ameshahama. Kuosha huwaondoa wengi, haidhuru. Hasara iko shambani: dawa ikipulizwa ovyo humwua nyigu pamoja na kidukari, na kidukari, ambaye jike wake huzaa bila dume, ndiye hurudi kwanza.