Vita vya Shaaban Robert na chungu cha mhogo



Juzi hapa Rawdah, Jeddah, baada ya Isha, tulikaa kwa jamaa mmoja mwenye asili ya Unguja. Mama yake, bibi mzee sana masha'Allah, akaanza kusimulia utoto wake wakati wa vita vya Hitler. Mchele uliadimika, akasema, wakala mhogo mpaka siku ya Idi. Sababu twaijua: Unguja ilikula mchele wa kuletwa, na Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, chakula kikawa taabu. Jirani mmoja wa Kihijazi akadakia kwamba hata hapa watu waliona dhiki, maana Hijazi iliishi kwa mahujaji na meli za hija zilipungua mno.

Niliporudi nyumbani nikaufungua Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert. Beti 3,000, umechapishwa 1967, marehemu keshatutoka miaka mitano. Kwa ufundi, sina la kusema. Lakini tuseme ukweli jamani: uzito wake wote uko kwa mataifa, majeshi na wakubwa wa dunia. Msomaji anaufunga akiwa na Ulaya kichwani kuliko Tanga.

Na Tanga ilikuwa vitani! Marehemu alikuwa karani wa forodha, na Pangani alikofanya kazi ni nchi ya mikonge. Ufilipino na Java zilipotekwa, katani ya Tanganyika ikawa mali ya vita, kamba zote zikitazamia huko. Watu wakalazimishwa kwa sheria kwenda mashambani, mbali na wake na watoto. Wengine wakavaa sare. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao askari wetu wa mizinga. Nani alibisha hodi kupeleka habari? Mke alikaa eda kuanzia siku gani, ikiwa maiti haikuonekana? Swali kama hilo peke yake ni utenzi mzima.

Atakayesema Shaaban hakuijua nyumba, hamjui. Katika Maisha Yangu anamwandika mkewe Amina na msiba wa kumpoteza kwa namna ambayo mimi siwezi kuisoma mbele ya watu. Binti yake na mwanawe kila mmoja alimtungia utenzi wa nasaha. Basi mtu yule yule, katika miaka hiyo hiyo au karibu yake, ana moyo wa nyumba na ana kalamu ya vita, ila haviweki katika chungu kimoja.

Mimi nadhani kosa si lake peke yake. Utenzi wetu una milango miwili. Mmoja ni wa Tambuka wa mwaka 1728: mashujaa, farasi, panga. Wa pili ni wa Mwana Kupona, 1858: mama anamuusia binti yake adabu ya nyumba. Na hapo pana jambo la ajabu, maana Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siu, aliyepigana na Sayyid Said. Vita vilikuwa vimelala naye nyumba moja, lakini utenzi wake umeshughulika na mengine. Shaaban aliirithi milango yote miwili, akaingia kila mmoja kwa wakati wake.

Ongezeni pia kwamba alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoloni. Karani wa Pangani angeandika nini juu ya manamba waliochukuliwa kwa nguvu, na kichapwe wapi?

Aliyenionyesha kwamba yawezekana ni Adam Shafi. Katika Kuli (1979), mgomo wa 1948 wa makuli wa Unguja hautoki mbinguni. Unatoka nyumbani kwa kina Rashidi, kwenye ufukara, ndipo unafika bandarini. Riwaya ya namna hiyo kwa miaka ya 1939 hata 1945, ya Tanga au ya Unguja, mimi bado naitafuta. Mwenye kuijua anitajie, nitaagiza hata kwa meli. Wanaokumbuka wamebaki wachache, na hawaandiki.

Nilisahau. Yule bibi nilimuuliza kama utotoni walimjua Hitler ni nani. Akacheka. "Tumjue vipi? Tulimjua kwa mama. Kila akimenya mhogo, anamlaani."