Fimbo ya Sckell

Kabla jembe halijagusa ardhi, kulikuwa na fimbo. Ilikuwa fimbo ya mti, na ncha yake imevikwa chuma. Friedrich Ludwig von Sckell, mtengeneza bustani wa Kijerumani, aliishika, akaishusha ncha mpaka ikagusa udongo, akainua macho, kisha akaanza kutembea. Hakuitazama fimbo wala miguu yake. Alitazama kule aendako: mti mkubwa wa kuupitia pembeni, uwazi baina ya vichaka, mahali ardhi inapoanza kuinama. Mwendo wake ulikuwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, wala hakuharakisha, na ile ncha ya chuma ikawa inaacha mfuo ardhini. Mfuo huo ndio uliokuwa njia ya bustani.

Nyuma yake walifuata vibarua wenye vigingi na nyundo. Kazi yao ilikuwa kuuwahi mfuo kabla nyayo au mvua hazijaufuta, wakipigilia kigingi kimoja baada ya kingine palepale ncha ilipopita. Bwana akifika mwisho wa mwendo wake, njia nzima imeshasimama kwa vigingi, na mwenye macho anaweza kuona itakavyopita.

Fundi wa kwetu akianza msingi wa nyumba hupiga kamba. Kamba ni rafiki wa mstari ulionyooka, na kwa ukuta hakuna kilicho bora kuliko hiyo. Lakini njia inayopinda haipigwi kamba. Wengi waliotengeneza bustani walijaribu kuizunguka shida hiyo kwa kuweka alama hapa na pale, kisha kuziunganisha. Sckell aliona kasoro ya kazi hiyo: mstari uliounganishwa kwa vipande huonyesha maungio yake, kama mkeka ulioshonwa na mtu mwenye haraka. Pindo la kweli lazima litoke kwa pumzi moja. Ndiyo maana alichora kwa mwili mzima, kwa kipimo kilekile ambacho watu wangekuja kukitembea. Bega likigeuka, njia nayo inageuka.

Mbinu hiyo aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1818, Beiträge zur bildenden Gartenkunst, alichowaandikia wanaoanza kazi hii na wapenzi wa bustani. Wakati huo alikuwa na miaka 68 hivi. Naona heshima kubwa katika jambo hilo. Mtu aliyefika pale alipofika angeweza kuacha watu waamini kwamba ustadi wake ni kipaji tu, kitu kisichofundishika. Yeye alikaa akaandika namna ya kuishika fimbo na namna ya kutembea.

Kazi aliirithi nyumbani. Alizaliwa mwaka 1750 mjini Weilburg, kwenye ukoo wa watunza bustani, na baba yake alitumikia bustani ya kifalme ya Schwetzingen, mahali pa njia zilizonyooka na miti iliyokatwa ikawa kama kuta. Huko alijifunza kamba na mkasi. Mwaka 1773 mtawala wa nchi yao, Carl Theodor, alimpeleka Uingereza, akakaa hadi 1777 akisoma mtindo mpya wa bustani zinazofuata sura ya nchi: majani mapana, maji yenye kingo laini, miti iliyoachwa ikue inavyotaka. Alirudi na elimu mbili mkononi, na hakuitupa ile ya kwanza.

Hilo linaonekana vizuri Nymphenburg, kasri lililokuwa nje ya München ya siku zile, alikofanya kazi tangu mwanzo wa karne ya 19. Alikuta bustani ya zamani yenye mfereji mrefu ulionyooka katikati. Katika zama ambazo mtindo wa kale ulionekana umepitwa, wengi wangeufukia. Sckell aliuacha mfereji, akaacha na uwanja wa maua mbele ya kasri, kisha pande zote mbili akafungua misitu, akatengeneza maziwa, akazipa njia mapindo. Ukitoka kwenye ule mstari mkali ukaingia kwenye ziwa lililotulia, mfereji unapendeza zaidi, na ziwa pia. Mikono inayojua cha kuacha ni adimu kuliko mikono inayojua cha kubomoa.

Kazi yake kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni Englischer Garten ya München. Chimbuko lake lilikuwa la kijeshi. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts aliyekuwa akimtumikia Carl Theodor, alitaka askari wapate viwanja vya kulima mboga wakati wa amani. Mwaka 1789 wazo hilo likapanuka likawa bustani ya umma, kwenye ardhi ya uwindaji ya mtawala kando ya mto Isar, na Sckell akaitwa kutoa ushauri wa mpango. Mwaka 1792 bustani ilifunguliwa kwa wakazi wa mji, watu kama 40,000 hivi. Yeye mwenyewe alihamia München moja kwa moja mwaka 1804 akiwa msimamizi wa bustani zote za kifalme za Bavaria, na mwaka 1807 akaandika waraka wa kueleza bustani hiyo iwe nini. Alitaka watu wa tabaka zote wapate mahali pa kutembea na kukaribiana. Fimbo yake sasa haikumchorea mfalme peke yake.

Ardhi ya pale ilikuwa tambarare, ya changarawe iliyoletwa na mto. Tambarare ni mtihani kwa mtu wa kazi hii, kwa sababu macho yanamaliza kila kitu kwa mara moja. Kwa hiyo hatua ya pili, baada ya vigingi, ilikuwa udongo. Vibarua walichimba kwa sepetu na kusukuma kwa toroli, wakishusha hapa nusu ya kimo cha mtu, wakiinua pale kiasi cha goti. Mwinuko haukuruhusiwa kuonekana umewekwa. Ulipaswa kuanza mbali, polepole, na kuisha vivyo hivyo, hata mpita njia ahisi miguu yake imepanda kabla macho hayajamwambia.

Kisha maji. Ziwa la Kleinhesselohe lilikuwapo tayari, dogo, limechimbwa wakati wa mtangulizi wake Werneck. Kati ya 1807 na 1812 Sckell alilipanua, na leo lina hekta 8 hivi na visiwa vitatu. Ukingo wa ziwa ulichorwa kwa fimbo ileile, na hapa kosa la kiganja kimoja linaonekana, maana maji hayafichi kitu: yakisimama yanachora upya ukingo wote kwa mstari wake. Ardhi ikiingia majini, mahali pengine maji lazima yaingie nchi kavu. Visiwa navyo vina kazi. Vinaziba ng'ambo, ili anayetazama asione mwisho wa maji kwa mara moja, aendelee kutembea.

Mwisho wa yote ilikuja miti, na hapa ndipo subira ilipotakiwa zaidi. Sckell hakupenda mchanganyiko wa kila aina mahali pamoja, kama achari. Alipanda kwa makundi makubwa, na katika kila kundi aina moja ilitawala, nyingine zikija chache chache kwa ugeni. Katikati miti ilisongamana. Kuelekea ukingoni ilipungua, kisha mmoja mmoja ukasimama nje peke yake majanini, kana kwamba mbegu ilipeperushwa huko na upepo. Umbali kati ya mti na mti haukulingana, na mitatu haikusimama kwenye mstari mmoja. Mahali njia ilipopinda palihitaji sababu, kichaka au mwinuko, kwani pindo lisilo na sababu watembeao hulikata wakapita majanini.

Miche yenyewe ilikuwa myembamba. Mtu aliyepita siku ile aliona uwanja wa vijiti vilivyofungwa kwenye nguzo, na baina yake nafasi kubwa zisizo na maana. Sckell aliona kivuli. Alijua kila mche utatanuka kiasi gani, upi utamzidi mwenzake, na mahali gani miaka mingi baadaye patabaki uwazi wa kuonyesha minara ya mji. Alizipima nafasi kwa miti ambayo haikuwapo bado. Alikuwa na miaka zaidi ya 50 alipohamia München kuifanya kazi hiyo, na mwaloni hauna haraka na mtu yeyote.

Alifariki Februari 1823. Kazi ikashikwa na mpwa wake, Carl August Sckell, aliyepokea miche, vigingi na vibarua walioufahamu mwendo wa fimbo. Mwaka uliofuata mchoraji majengo Leo von Klenze alimsanifia nguzo ya kumbukumbu kando ya ziwa la Kleinhesselohe. Bustani leo ina hekta 375, inaizidi Central Park ya New York, na watu huingia bila kulipa, alfajiri wakikimbia, jioni wakiwa na watoto.

Ile nguzo haionekani kutoka kila mahali. Njia inakuleta ukingoni, inakuonyesha maji, kisha inakugeuza kidogo kuingia vivulini, na ziwa linapotea. Hatua chache mbele linatokea tena, pana zaidi, kisiwa kimehama upande, na ukingo ule unaendelea mbele yako bila kuungwa popote.