Pengo Kati ya Ushahidi na Hitimisho

Wanaotaka kusomea uzamili wa biashara Marekani au Ulaya, wakiwa Nairobi, Dar es Salaam au Mumbai, wengi hupitia mtihani wa GMAT, ambao umekuwapo tangu 1954. Katika toleo lililoanza mwishoni mwa 2023, sehemu ya lugha ina maswali 23 yanayojibiwa kwa dakika 45. Maswali ya kusahihisha sarufi yaliondolewa. Yakabaki ya ufahamu na ya kupima hoja. Haya ya kupima hoja huchukuliwa na watahiniwa kama kero ya kuvumilia hadi siku ya mtihani ipite. Mimi nayaona kuwa kazi ya ufundi, na ufundi wenyewe ni wa heshima: kumsikiliza mtu kwa makini kiasi cha kusikia hata lile alilolinyamazia.

Tazama hoja hii, niliyoitunga kwa mfano wa zile za mtihani. Tangu kiwanda kimoja cha viatu kianze kuwapa wafanyakazi mapumziko ya dakika 20 kila alasiri, idadi ya viatu vinavyorudishwa na wateja kwa sababu ya kasoro imepungua kwa theluthi moja. Kwa hiyo, mapumziko yamewafanya wafanyakazi washone kwa uangalifu zaidi. Swali: hoja hii imejengwa juu ya dhana gani?

Msomaji mwenye haraka huafiki mara moja. Nani asiyejua kwamba mtu aliyechoka hukosea? Lakini ujuzi huo ameuleta yeye mwenyewe kutoka nyumbani. Mwandishi wa hoja hakuuandika. Msomaji mwenye ufundi hutenga kwanza vitu viwili. Ushahidi ni kwamba viatu vinavyorudishwa vimepungua. Hitimisho ni kwamba watu wanashona vizuri zaidi, na kwamba mapumziko ndiyo sababu. Ushahidi haubishaniwi, ukishaandikwa, unaukubali. Kinachochunguzwa ni hatua ya kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye hitimisho, na hapo pana shimo. Je, kiwanda bado kinauza viatu vingi kama zamani?

Chukua hesabu. Tuseme zamani kiliuza jozi 10,000, zikarudi 300. Sasa kinauza jozi 5,000, zinarudi 200. Zinazorudi zimepungua kwa theluthi kweli, kama hoja inavyosema. Lakini zamani zilirudi tatu katika kila mia, na sasa zinarudi nne. Ushonaji umeharibika, na ushahidi uleule uliosifu mapumziko umebaki mzima bila kuguswa. Kila nikifikia hatua kama hii napata furaha isiyopungua, kwa sababu hakuna aliyesema uongo. Idadi ilisimama pale palipopaswa kusimama kiwango, na macho yakapita.

Basi dhana inayotakiwa ni kwamba mauzo hayakushuka kwa kiasi cha kutosha kueleza upungufu ule. Utajuaje kwamba ndiyo, kati ya majibu matano yanayofanana? Likanushe jibu. Mwashi hapimi wima wa ukuta kwa jicho, huteremsha timazi. Kukanusha ndiyo timazi ya kazi hii. Sema mauzo yalishuka mno: hitimisho linakosa pa kusimama. Sasa chukua jibu jingine, kwamba wafanyakazi wote huzitumia dakika zote 20 kupumzika. Likanushe: wachache huendelea kushona. Hoja haitikisiki hata kidogo, maana waliopumzika wanaweza kuwa wametosha kuleta mabadiliko. Jibu hilo linavutia kwa sababu linazungumzia mapumziko, lakini hoja haikulihitaji.

Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin, katika kitabu chake The Uses of Argument cha 1958, alieleza kwamba kati ya ushahidi na dai huwa kuna kanuni inayoviunganisha, na mara nyingi kanuni hiyo haitamkwi. Mtahiniwa hahitaji kumsoma Toulmin, ila kazi anayoifanya ni ileile.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona ufundi huu ukifundishwa kama ujanja: kimbia kila jibu lenye neno “wote” au “kamwe”. Kama hoja yenyewe imedai jambo juu ya wote, jibu lenye “wote” linaweza kuwa ndilo sahihi. Anayehukumu kwa neno moja hajaisoma hoja, na siku ya mtihani, akiwa na takriban dakika mbili kwa swali, ujanja humwacha na majibu mawili asiyoweza kuyatofautisha.

Kazi iliyo bora hufanyika baada ya saa kuzimwa. Rudi kwenye swali, hata ulilopata. Andika kwa sentensi moja kwa nini kila moja ya majibu manne mengine halifai. “Halihusiani” haitoshi, sema halihusiani na nini. Kisha geuza swali. Kiwanda kilekile, mauzo yaleyale, viatu vinavyorudishwa vimepungua, lakini malalamiko ya wateja kuhusu kasoro yameongezeka. Nini kinaweza kuyapatanisha mambo haya mawili? Hapa hutafuti tena shimo; mambo yote mawili ni kweli, na kazi yako ni kutafuta jambo la tatu linaloyaruhusu kukaa pamoja. Fikiria kwamba zamani kiwanda ndicho kilicholipia usafirishaji wa viatu vinavyorudishwa, na sasa analipa mteja. Mtu aliyeuziwa kiatu kilichoachia mshono anapiga simu, analalamika, kisha anakipeleka kwa fundi wa mtaani kwa sababu ndiyo njia rahisi zaidi.