Fundo Kati ya Lulu

Kidani cha shangazi yangu kilikatika ndani ya matatu, baada ya Isinya, siku ambayo upepo ulivusha vumbi barabara ya Namanga hadi magari yakawasha taa saa sita mchana. Kwanza nilihisi shingo imepata baridi. Kisha nikasikia ti, ti, ti kwenye bati la sakafu, kama rasharasha inayoanza juu ya mabati. Abiria wakainua miguu. Makanga akawasha tochi ya simu, na mzee mmoja mwenye shuka nyekundu akainama akaanza kuziokota kwa ncha za vidole bila kuuliza ni kitu gani. Lulu zilikuwa 53. Niliposhuka Kajiado nilikuwa na 51 ndani ya leso, na sikujua shangazi nitamtazamaje.

Kidani hicho kilitoka Maskati. Baba yangu mdogo alifanya kazi huko miaka ya 1970, na aliporudi Mombasa alimletea dada yake lulu badala ya dhahabu, jambo lililozua maneno nyumbani kwa sababu dhahabu huuzika siku ya shida. Mtaani walidhani ni lulu za wapiga mbizi, zile za sifa na za masimulizi. Hazikuwa hizo. Kazi ya mbizi katika Ghuba ilikuwa imeanguka tangu miaka ya 1930, biashara ya dunia ilipodorora na lulu za Japani zikajaa sokoni. Mjapani Mikimoto Kokichi ndiye aliyefungua mlango huo: mwaka 1893 alimtoa chaza baharini akamkuta na nusu lulu aliyoianzisha yeye mwenyewe kwa mkono. Tangu hapo chaza hufugwa kama kuku. Fundi humfungua kidogo, humpandikizia kijipande cha nyama ya chaza mwingine pamoja na kipira kilichochongwa kutoka kwenye kombe la mito ya Marekani, kisha humrudisha majini. Chaza akishapokea mgeni huyo, humfunika tabaka baada ya tabaka, nyembamba kuliko maganda ya kitunguu.

Kwa hiyo ukiipasua lulu ya Japani, ndani utakuta ushanga. Nililifurahia sana jambo hili nilipolijua. Lulu yote ile na majivuno yake ni ushanga uliovishwa joho.

Nilikuwa nakwenda harusini. Nyuma ya nyumba ya arusi, chini ya mgunga, wanawake sita walikuwa wamekaa na kazi zao mapajani, kwa maana mwanamke wa Kimaasai anayetunga shanga hangoji afike nyumbani ndipo atunge. Niliinama nikamsalimu aliyekuwa mkubwa wao. "Takwenya, yeyo," yaani mama. "Iko," akajibu, kisha akaitazama leso niliyokuwa nimeikamata kama aliyebeba mayai. Nikaifungua. Hakuzitazama lulu. Aliuchukua ule uzi uliokatika, akauvuta, akaupeleka kwenye mwanga.

"Nani alitunga hii?"

"Sonara mmoja wa Nairobi, yeyo. Mwaka jana."

"Huyo hakutunga. Huyo alipitisha tu."

Uzi wenyewe ulikuwa mshipi wa kuvulia samaki. Sonara alizipanga lulu zote juu yake bila fundo hata moja, akakaza mwisho, akapokea fedha yake. Mshipi wa namna hiyo ni mtelezo, na fundo lake hujifungua pole pole. Ukikatika, unamwaga vyote. Kama angefunga fundo baada ya kila lulu, ningepoteza moja, au nisipoteze kitu.

Neno lake lile lilinikaa. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa mwenye shanga na mwenye shairi. Shairi hutungwa, shanga hutungwa, mimba hutungwa, hata jipu hutunga usaha. Katika yote hayo kuna kitu kinachojikusanya kidogo kidogo hadi kinashikana. Kupitisha uzi kwenye tundu ni kazi ya mkono na jicho, mtoto wa miaka sita anaiweza. Kutunga ni kujua kila punje itakaa vipi na jirani yake ikishavaliwa, ikishalowa jasho, ikishavutwa na mtoto mchanga.

Yeyo alikuwa na kidani chake mwenyewe pajani, kile cha bapa kinachozunguka shingo kama sahani. Nilikaa naye hadi chakula kikatoka, macho yangu mikononi mwake. Shanga alikuwa amezipanga juu ya waya, mzingo ndani ya mzingo, na kila baada ya hatua kadhaa mizingo yote ilipita katika kijipande kimoja chenye matundu ili isipandane. Zamani kijipande hicho kilikuwa ngozi ya ng'ombe. Chake alikikata kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia. Hesabu aliifanya kwa midomo, bila sauti, huku akiongea na jirani yake habari nyingine kabisa. Mara akasimama. Akarudi nyuma, akazitoa shanga karibu arobaini, akaifikia moja ya buluu iliyokaa mahali pa nyeupe, akaitupa bakulini, akaanza tena. Hakuna ambaye angeiona. Nilimwambia hivyo. Akanitazama kama niliyesema jambo la kitoto.

Habari za rangi husemwa sana: nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu na mvua, kijani ni nyasi. Ni kweli, na mwaka kama 2009 au 2022, ng'ombe walipokufa kwa ukame Kajiado nzima na shanga zikawa ndizo zinazonunua unga, hizo nyasi na hiyo mvua hazikuwa mapambo. Lakini vikaratasi vya watalii vimeigeuza habari hii kuwa kamusi. Nilipomuuliza yeyo kwa nini kaweka kijani pale, alisema bila hiyo kijani, nyekundu na rangi ya machungwa zingepigana. Ndivyo anavyosema mchoraji yeyote.

Shanga hizi za kioo si za hapa, wala hazikuwa za hapa. Shanga za kwanza tunazozijua katika nchi hii zilitengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, na zilizofukuliwa Enkapune ya Muto, upande wa Naivasha, zina umri wa takriban miaka 40,000. Za kioo zilikuja kwa bahari, kisha kwa vichwa vya wapagazi. Mafundi wa Bohemia, katika nchi ya Cheki ya leo, walizimimina kwa mamilioni, na hadi sasa mwanamke wa Kajiado atakuambia "hii ni Cheki, hii ni China" kwa kuziviringisha tu katikati ya vidole: ya Cheki ina kimo kimoja na tundu lililonyooka, ile nyingine huja nene na nyembamba katika pakiti moja, na baadhi hupauka kwa jasho. Pwani wafanyabiashara waliipa kila aina jina lake. Nyekundu ya marijani iliitwa samisami, na lakabu yake nyingine ilikuwa kivunja mji, maana wanawake waliililia hadi nyumba zikavunjika. Mskoti Joseph Thomson, mwaka 1883, alipotaka kuingia nchi ya Wamaasai, alilazimika kutua Taveta na kuwakalisha wapagazi wake watunge shanga upya, kwa kuwa Wamaasai walipokea mikato ya urefu wao tu. Sijui kama wapagazi wale, wengi wao watu wa Unguja, walifunga mafundo.

Wiki moja baadaye nilirudi Kajiado, karibu kilomita 50 kutoka kwangu Kitengela, na uzi wa hariri niliokuwa nimeununua Nairobi. Yeyo aliusugua shavuni akatikisa kichwa kukubali. Zamani, alisema, wao walitumia kano za mnyama. Siku hizi hata nyuzi za gunia la nailoni hufaa kwa vitu vya kuuza haraka. Ila kwa kitu cha mtu uzi lazima uvimbe kidogo ndani ya tundu, uishike punje.

Alianza kwa kuzipangusa lulu kwa kitambaa kilicholowa maji, kilichokamuliwa. Kikavu hakifai, na hapa nasema na majirani zangu wa Kitengela: vumbi letu lina chembe za mchanga ngumu kuliko lulu, na ukisugua lulu yenye vumbi kwa kitambaa kikavu unaipiga msasa. Akazilaza katika mkunjo wa shuka zisiviringike, ndogo ncha zote mbili, kubwa katikati. Tundu la lulu halifiki milimita moja, na sindano haikupita, kwa hiyo aliipaka ncha ya uzi rangi ya kucha ya bintiye, akaisokota, akaiacha ikauke ikawa yenyewe sindano. Lulu ikapita. Akafanya kitanzi, akakitia sindano halisi katikati, akalisukuma fundo likiwa bado wazi hadi likaigusa lulu, ndipo akaichomoa sindano na kumalizia kwa ukucha wa gumba. Fundo halionekani. Ukilikaza mno kidani husimama kama waya, ukililegeza lulu husagana, na alilipima kwa kukiacha kipande kining'inie kidoleni kila baada ya lulu tano. Kilipaswa kuanguka kama kamba iliyolowa. Mara mbili hakikuanguka hivyo, na mara mbili alikata akarudia.

Zile mbili zilizopotea tulizijaza kwa shanga nyeupe za kioo. Nilikuwa nazo tangu zamani, nilizinunua kwenye karakana ya vioo ya Kitengela. Msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, alihamia kwenye nyika ile nyumbu walipokuwa bado wakitoka mbugani Nairobi bila kukutana na ua wala nyaya, na mwanawe Anselm akajenga tanuri la kupuliza kioo. Vioo vya madirisha chakavu huingia tanurini na kutoka vikombe na shanga. Mbili zangu zina viputo vya hewa ndani. Yeyo aliziweka pembeni mwa kishikizo, moja kila upande, kwa sababu hapo uzi hurudi mara mbili na tundu la lulu lisingeubeba.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuombwa ushauri, nikiwa na elimu ya kidani kimoja. Anayetaka kununua lulu namwambia aitazame kama kioo: ya maana itamrudishia uso wake, wenye macho na dirisha la nyuma yake, na hafifu itampa weupe wa chaki. Aiburute kwenye jino la mbele. Lulu hukwaruza kidogo kama mchanga laini. Plastiki na kioo huteleza. Achungulie tundu, maana kwenye bandia rangi huchanika hapo kwanza. Nyingi zinazoning'inia kwenye vibanda vyetu ni bandia, na hakuna ubaya ukilipa bei ya bandia. Zilizo halali na za bei ya wastani huwa ni za maji baridi, za China, ambako kombe moja hubeba kadhaa kwa pamoja. Na anayependa kitu cha bahari yetu namkumbusha kwamba wanawake wa Fumba na Bweleo, Unguja, miaka ya 2000 walijifunza kufuga chaza na kutoa nusu lulu, zile zinazoota zimeegemea ukuta wa kombe, zikakatwa pamoja nalo kuwa herini na vidani. Ni nzuri kwa namna yake, zina rangi za petroli iliyomwagika majini.

Kuzitunza si kazi, ni mpangilio tu. Udi, manukato na mafuta kwanza, lulu mwisho. Ukirudi nyumbani lulu kwanza. Siki na ndimu huzila, kwa hiyo mwenye kuandaa kachumbari avue. Zisifungiwe ndani ya plastiki, na katika ukavu wa Kajiado wa Januari zisikae miezi kabatini, maana hukauka zikapasuka. Ngozi ya mtu ina unyevu unaozitosha. Na zitungwe upya kila baada ya miaka miwili hivi, kabla uzi haujakatika wenyewe. Wamaasai hili hawahitaji kufundishwa. Rika jipya likija na mitindo yake, shanga za zamani huvuliwa uzini na kutungwa kwa sura nyingine.

Mwezi uliofuata kazi ile ya yeyo, niliteremka Mombasa. Shangazi haoni vizuri siku hizi. Nilikiweka kidani mkononi mwake bila kusema lolote, naye akaanza katikati kukipitisha kwenye jino, moja baada ya moja, kwa subira ya mwenye tasbihi. Akafika mwisho akasimama.

"Hii kioo."

"Ndiyo, shangazi. Ziko mbili. Za Kitengela."

Alinyamaza. Kidole gumba chake kikarudi nyuma, kikashuka katikati ya lulu na lulu, kikakuta fundo, kikaenda kwa jingine, na jingine.

"Na haya kafunga nani?"

Nikamweleza. Akakikamata ncha zote mbili, akakitikisa mara moja, akasikiliza.

"Muulize ana nafasi lini," akasema. "Nina vingine viwili sandukuni."