Sifa za Mwalimu wa Darasa la Nne

Mwalimu wa historia wa chuo kikuu ana wengi wa kumsifu. Wa darasa la nne hana, basi ngoja nimsifu mimi. Katika jimbo la California, Marekani, watoto wa miaka tisa na kumi husomeshwa habari za misheni 21 ambazo mapadri Wafransisko walizianzisha kando ya pwani, kuanzia San Diego mwaka 1769 hadi Sonoma mwaka 1823. Hispania iliwaogopa Warusi waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini, na askari wa kutosha haikuwa nao, ikatanguliza mapadri. Wenyeji wakabatizwa, wakalimishwa, wakafa kwa wingi kwa maradhi yaliyokuja na wageni. Haya mfundishe mtoto ambaye bado anang'oa meno ya utoto!

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa sukari. Mtoto alipewa jina la misheni, akarudi nyumbani kujenga kanisa kwa sukari ya vipande, vijiti vya aiskrimu na gundi (wazazi wanajua kazi hiyo ilikuwa ya nani hasa). Likatoka jengo zuri, jeupe, lisilo na mtu ndani. Mwaka 2016 mwongozo wa mtaala wa jimbo ukasema waziwazi kwamba vijumba hivyo havimsaidii mtoto kuzielewa zama zile, na kwamba vinawaudhi wengi. Sukari ikaanza kuondolewa. Ufundi ndipo ulipoanza kuhitajika.

Mwalimu hodari huanzia sakafuni. Katika misheni ya San Juan Bautista, iliyoanzishwa mwaka 1797, baadhi ya vigae vya sakafu vina nyayo za wanyama. Vilianikwa nje kabla ya kuchomwa, mnyama wa porini akapita juu yake udongo ukiwa bado mbichi. Watoto huinama, huingiza vidole katika alama za makucha, hubishana ni mnyama gani. Mwalimu huwaacha wabishane. Kisha, bila kubadili sauti, huuliza: na udongo huu aliukanda nani?

Waliukanda Wamutsun, wenyeji wa bonde lile. Jibu hilo huzaa maswali. Walilipwa? Waliruhusiwa kurudi kwao? Mtoto hana habari na ukoloni, lakini dhuluma anaitambua upesi kuliko hakimu. Jibu la kweli ni fupi: aliyekwisha kubatizwa hakuwa na ruhusa ya kuhama, na akitoroka, askari walitumwa kumrudisha, na viboko vikafuata. Wasichana walifungiwa bwenini usiku. Mwalimu husema hayo, hunyamaza, huwatazama machoni. Hawamwagii maiti zote mezani wakalale na majinamizi, wala hawaambii kwamba watu walikuja kuishi na mapadri kwa furaha tele. Aliyedanganywa akiwa na miaka tisa atasoma mwenyewe akifika kumi na mitano, na hapo hatamwamini tena mwalimu yeyote. Kwangu mimi, kipimo hicho ni kigumu kuliko tasnifu.

Halafu kuna Padri Junípero Serra, mwanzilishi wa misheni za kwanza kati ya hizo, aliyefariki mwaka 1784 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2015, huku wazao wengi wa wenyeji wakipinga. Darasani anaweza kuwamo mtoto wa familia ya Kikatoliki inayomwomba Serra, amekaa dawati moja na mtoto ambaye mababu zake walichapwa. Serra aliacha uprofesa katika kisiwa cha Mallorca kwa kuamini kwa dhati kwamba anaokoa roho za watu, na misheni zake ziliwanyima watu hao uhuru. Mwalimu huyaweka yote mawili mbele yao asichague kwa niaba yao. Watu wazima ndio hushindwa kuyabeba pamoja. Kila mtoto anamfahamu mkubwa anayempenda na kumwogopa.

Mtego wa mwisho uko makaburini. Kando ya ukuta wa kanisa la San Juan Bautista wamezikwa zaidi ya watu 4,000, wengi wao wenyeji, na mtoto akiishia hapo ataondoka akiamini kwamba Wamutsun wamekwisha. Mwalimu mwenye ufundi hamalizi somo makaburini. Huwasimulia habari za Ascensión Solórzano, mama wa Kimutsun aliyeijua lugha ya kwao na ambaye, akiwa mgonjwa mwaka 1929, alimpa mtafiti John Harrington maneno na kumbukumbu za watu wake. Alifariki mwaka uliofuata. Wazao wa Wamutsun wapo, wanajifunza lugha yao tena, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 2016, mwaka ule ule sukari ilipopigwa marufuku na busara. Mwalimu anayepeleka darasa San Juan Bautista aibebe kamusi hiyo mkobani, na kabla ya kupanda basi la kurudi awasomee watoto maneno machache.