Punje Sitini na Tatu

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua sauti hii. Mwalimu anatamka nusu ya neno, darasa linamalizia nusu iliyobaki. "Mimea hujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa ju...?" "Aaaa!" Anayepita nje ya dirisha husikia darasa lililochangamka. Mtoto wa dawati la nyuma anajua mambo yalivyo: unaweza kuitikia hivyo kipindi kizima huku vidole vikichezea kizibo cha soda chini ya dawati, kengele ikalia na hujui hata mada ilikuwa ipi.

Mwalimu ninayemwandika hapa hafundishi hivyo. Anafundisha hisabati darasa la tano katika shule moja ya serikali mjini Bagamoyo, wanafunzi themanini katika chumba kimoja. Jina lake silitaji, kwani hakuomba kuandikwa. Nilikwenda kumwona kwa sababu niliambiwa kwamba wavulana wake hawatoroki. Hilo si jambo dogo katika mji ambao vyombo vinaingia na samaki, na kijana wa miaka kumi na mmoja mwenye mabega anaweza kurudi kwao na noti mfukoni.

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 kuhusu wavulana na elimu ilieleza kuwa kati ya watoto na vijana milioni 259 waliokuwa nje ya shule duniani mwaka 2020, milioni 132 walikuwa wavulana. Baadhi ya sababu ilizozitaja hazimshangazi mtu wa pwani: umaskini na vibarua, adhabu kali, na ile dhana kwamba kusoma kwa bidii si mambo ya kiume. Kwenye semina za walimu utasikia dawa nyepesi, kwamba wavulana hujifunza kwa viungo, basi waimbishwe, warukishwe, washindanishwe. Mimi siamini sana. Mvulana aliyechoshwa anaonekana mapema kwa kuwa anapiga kelele. Msichana aliyechoshwa anatulia, na kutulia kwake kunahesabiwa kuwa ni kusikiliza. Kilichowachosha ni kimoja.

Mada ya siku ile ilikuwa sehemu. Mwalimu aliingia, akaitikia salamu, akachora ubaoni safu nne zenye mashimo manane kila safu. Hakusema kitu. Minong'ono ikaanzia nyuma: "Bao! Bao hilo!"

Wavulana wa Bagamoyo wanalijua bao bila kufundishwa na mtu. Wamesimama nyuma ya migongo ya wazee vibarazani jioni ngapi, wakifukuzwa na kurudi. Wanajua kwamba kete ni 64, kila mchezaji 32. Wanajua kwamba mchezo unapoanza kila mmoja anatandaza kete 10 tu upande wake, sita ndani ya shimo liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 zilizobaki anazishika mkononi. Kila zamu anaingiza moja. Hiyo ndiyo namua, na kete za mkononi zikiisha mchezo unaingia mtaji. Ni hesabu nyingi kuliko zilizomo katika kurasa kadhaa za kitabu cha kiada, na watoto hawa wanazo kichwani, ila hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa ni hesabu.

Mwalimu aliwagawa makundi kumi ya watoto wanane. Kila kundi lilichora bao lake sakafuni kwa chaki, likapokea kipakiti cha punje za mahindi kilichokunjwa kwa karatasi ya daftari kuukuu. Punje alizihesabu mwenyewe nyumbani usiku uliotangulia, makundi kumi, punje 640, kwa kuwa kipindi ni dakika 40 na kuhesabia darasani kungekula dakika kumi. Kisha akatoa amri moja: anayejua kucheza bao haruhusiwi kugusa punje. Aseme tu. Asiyejua ndiye atakayepanga.

Amri hiyo niliifikiria siku nyingi baadaye. Ukileta bao darasani bila amri hiyo, umewaletea wavulana wachache mchezo wao, na wasichana wamekuwa watazamaji. Bao vibarazani ni la wanaume, tusijidanganye. Kwa amri hiyo mjuzi amefungwa mikono. Hana njia ila maneno, na maneno yakiwa na upungufu, punje inaingia shimo lisilo lake mbele ya macho yake. Nilimwona mvulana mmoja akikaribia kulia kwa hasira, "Siyo hapo, hapo pembeni ya nyumba!" na msichana aliyeshika punje akimjibu kwa utulivu wote, "Pembeni gani? Sema kulia au kushoto." Akajikusanya, akasema kulia. Hakuna mwalimu aliyemsahihisha.

Karibu na dirisha palikuwa na kundi lenye sauti kubwa kuliko yote. Hawakumaliza kupanga, wakasimama. "Mwalimu, tumepunjwa!" Mwalimu akauliza wamejuaje. "Ziko 63." Wamehesabu mara ngapi? "Mara moja." "Basi bado sijui," akasema, akaenda kundi jingine. Wakahesabu upya. Safari hii mmoja wao akapendekeza wajaze mashimo yote 32 kwa punje mbili mbili, na shimo la mwisho likabaki na punje moja. Wakamwita kwa ushindi. Mwalimu akatia mkono mfuko wa shati, akatoa punje moja, akawapa. Moja tu, na ilikuwa imekaa tayari. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba pakiti ile ilipungua kwa makusudi, na kwamba kundi lile halikuipata kwa bahati. Watoto ambao kwingine wangetolewa nje kwa kelele walikuwa wamegawanya 64 kwa 32 bila kuombwa, kwa ajili ya kumshtaki mwalimu wao.

Swali la kwanza likaja. Mchezaji mmoja ameshika mkononi sehemu gani ya kete zake? Wengi wakapata 22/32, na baada ya kurahisisha, 11/16. Likapita upesi. La pili ndilo lililokuwa somo lenyewe: tukiwachukua wachezaji wote wawili, wameshika mkononi sehemu gani ya kete zote za bao?

Baada ya kuuliza akanyamaza. Walimu wengi hulitaja jina kwanza, "Hamisi, nane mara saba?", na hapohapo watoto wengine wote wanajua kwamba wamesalimika. Yeye huuliza, hungoja, ndipo hutaja jina, kwa hiyo muda wote wa kungoja swali ni la kila mtu. Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza ufundishaji wa sayansi, alirekodi masomo mengi na mwaka 1974 akachapisha matokeo yake. Mwalimu wa kawaida alingoja kama sekunde moja tu kabla ya kurudia swali au kumpa mwingine. Waliozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Rowe alisisitiza pia ngoja ya pili, ile ya baada ya jibu, kabla mwalimu hajasema "vizuri" au "hapana." Hiyo ndiyo ngumu. Jibu likiwa sahihi, ulimi unawasha.

Aliyetajwa alikuwa mvulana wa kundi la dirishani. Akasema 44/32. Ishirini na mbili na ishirini na mbili, juu. Chini zinafanana, zinabaki vilevile. Ndiyo kanuni waliyofundishwa ya kujumlisha sehemu, na aliifuata bila kosa. Mwalimu akaiandika ubaoni, akangoja. Uso wake haukusema lolote, na huo nao ni ujuzi, maana watoto husoma nyusi za mwalimu haraka kuliko wasomavyo ubao. Mwingine akasema 44/64. Akaiandika pia, ukubwa uleule wa maandishi, chaki ileile. Kisha akawaambia waoneshe kwa punje.

Kelele za dakika zile mwalimu mkuu angeweza kuzitilia shaka. Mwishowe msichana mmoja akasimama na kuuliza: ikiwa ni arobaini na nne kati ya thelathini na mbili, hizo za ziada zimetoka wapi? Darasa likacheka, na kicheko kikamwelekea mvulana.

Mvulana wa umri ule akipewa kuchagua kati ya kuitwa mjinga na kuitwa mtukutu, atachagua utukutu bila kufikiri. Nilimwona ameshaanza kuchagua: bega limeinuka, anamtazama jirani yake wa kumsukuma. Mwalimu hakuwakemea waliocheka, wala hakumfariji. Alisema tu kwamba hesabu ya kijana haina kosa, na sasa atuambie alikuwa anahesabu sehemu ya kitu gani. Kijana akatazama bao la sakafuni kwa muda mrefu. Nilihesabu moyoni, nikafika kumi na moja. Akasema: "Yangu ni ya kete za mtu mmoja." Kwa hiyo 44/32 inamaanisha nini? "Wote wawili wameshika kete za mtu mmoja mzima, na zaidi."

Ni kweli tupu. Mtu mmoja mzima na 12/32 juu yake. Lilikuwa jibu sahihi la swali jingine, na mwalimu akaliandika swali hilo jingine ubaoni juu ya 44/32, kisha akaandika lile la kwanza juu ya 44/64. Hakufuta kitu. Watoto waliporahisisha 44/64 wakapata tena 11/16, pakatokea ubishi mwingine, kwani wengi walitarajia kwamba watu wakiwa wawili sehemu lazima iongezeke. Huo hawakuumaliza, kengele ikalia. Wavulana wawili walitoka wakiendelea nao hadi bombani.

Fimbo sikuiona mkononi mwake. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mamlaka ya mwalimu mkuu, na katika shule nyingi kanuni hiyo inapindwa kila siku. Yeye hakuhubiri juu ya jambo hilo. Mikono yake ilikuwa na chaki na punje, basi.

Kazi hii ina gharama. Maswali mawili katika kipindi kizima ni machache, muhtasari una mada za kumaliza, na Baraza la Mitihani halimngoji mtu. Mwalimu wa taaluma wa shule ile alinieleza wasiwasi wake waziwazi, na hoja yake ina uzito. Mwalimu wetu hulipa deni hilo katika vipindi vingine anavyovifundisha kikavu, mazoezi ishirini ubaoni, kimya, andikeni. Nilikaa katika kimoja. Hakikuwa na cha kusimulia, ila wavulana wa dirishani waliandika.

Mchana alijaza andalio la somo kama walimu wote: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa. Juu kabisa ya fomu kuna jedwali la mahudhurio, wavulana, wasichana, jumla. Lile analijaza pia, lakini kwenye sehemu ya tafakari, ambapo wengi huandika "somo limeeleweka," yeye huandika majina ya watoto ambao hakuisikia sauti yao siku hiyo. Yalikuwa kumi na manne, tisa ya wavulana. Akayanakili kwenye ukurasa wa kesho, penye mada ya asilimia, pembeni ya swali la kwanza.